Mshale Mwekundu Kwenye Jiwe la Kombe

Jamani, mmenichosha. Tangu nishuke kwenye ndege ni swali lile lile, kwenye simu, kwenye harusi ya Asha, hata kwenye foleni ya benki: "Rukia, ya Uchina vipi? Ni kweli Hidaya aliumbuka na mshale wake?" Halafu mnacheka. Sasa nimekaa niandike mara moja, wote msome, tumalizane. Tiketi, viza na barua za kutoa jiwe nchini naziruka, hazina utamu. Ya wivu siruki. Nilikuwa na wivu kutoka Dar mpaka Guangzhou na kurudi, na msiponielewa hapo hamtanielewa popote.

Dar es Salaam: kilo kumi na nne

Wengine hamkusoma jiolojia, kwa hiyo nianze na jiwe lenyewe. Ni jiwe la mchanga, na ndani yake mna njia za kombe. Kombe mnawajua, wale wa maganda mawili wanaojifukia mchangani na kuacha kimrija juu cha kuvutia maji. Hawa wa kwenye jiwe waliishi chini ya bahari zamani mno, kabla hajazaliwa mtu wala babu wa mtu. Wenyewe hawamo, na maganda yao yalishayeyuka. Kilichobaki ni pale walipopita. Kila njia ina kishimo mfano wa kokwa ya tende, pale kombe alipokaa mara ya mwisho, na nyuma yake vijimstari vilivyopinda, kimoja baada ya kingine, kama visahani vilivyopangwa kabatini.

Ukijua upande gani wa jiwe ulikuwa juu, unajua kombe alikuwa anakwenda wapi. Kama alikuwa anapanda, ina maana bahari ilikuwa inammwagia mchanga naye anakimbia asizikwe. Kama alikuwa anashuka, bahari ilikuwa inauzoa mchanga naye anatafuta pa kujificha. Juu na chini, basi. Ukikosea hapo umeisimulia bahari nzima kinyume.

Ndiyo maana Mwalimu wetu alitufundisha sheria moja kabla ya zote: chora mshale kwanza, uelekee mbinguni, ndipo ung'oe jiwe.

Siku ile, kwenye korongo moja nyuma ya Kilwa, jiwe nililiona mimi. Nasema tena, mimi. Hidaya alikuwa nyuma ya kona anaimba, maana huyo hata akifua anaimba, nikajua akifika tu atasema "tumeliona." Mimi sikutaka tumeliona. Nikapiga nyundo bila kuchora kitu. Jiwe likang'oka, likanitoka mikononi, likabiringika mpaka chini ya korongo. Nilipolifikia sikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi, na wimbo wa Hidaya uko karibu. Nikatoa kalamu nyekundu nikachora mshale kwa kubahatisha. Mwalimu alipokuja akauliza, "Rukia, umechora kabla ya kung'oa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu."

Haya, mmeshajua. Endeleeni kucheka.

Jiwe likakatwa nusu mbili kwa msumeno. Ufadhili wa kwenda kusoma Guangzhou tuliuomba wote wawili, akapata yeye, tena kwa mchoro wa jiwe langu. Akaondoka na nusu moja. Mimi nikabaki chuoni na nusu yenye mshale, kilo kumi na nne, nawafundisha watoto wa mwaka wa kwanza kushika nyundo. Miaka miwili baadaye akapiga simu. Anakaribia kuitetea tasnifu yake mbele ya maprofesa, anataka nusu zote mbili ziwe mezani, na nauli ipo.

"Usilitume, Rukia," akasema. "Lilete mwenyewe."

Nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, nikaone anaishije huko, maana picha alizokuwa anatuma zilikuwa zinaninyima usingizi. Ya pili naisema kwa aibu: nilitaka niwepo siku hiyo. Nilijua maprofesa watambana kuhusu mshale, naye hana jibu, na mimi niko mstari wa mbele na gauni langu la kitenge. Neno moja lingemwokoa, "Hidaya, mshale ule nilibahatisha." Neno hilo nililifunga kinywani kuliko nilivyolifunga jiwe kwenye kanga.

Addis: kitambaa cha kula

Ukungu ulituweka Addis kwa saa tisa nzima. Hapo ndipo nilipokutana na Mama Béa wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa nguo, mama mnene wa kucheka kwa bega, ambaye huenda Guangzhou kama sisi tunavyokwenda Kariakoo. Alikuwa amelitazama begi langu kwa muda.

"Weye dada, mule ndani kuna nini? Malachite, ile jiwe ya kijani?"

"Jiwe tu, mama."

"Jiwe ya bei?"

"Halina bei. La mchanga."

Akajishika kifua. "Mungu wangu! Kwetu batu banabeba majiwe ya kuuzisha. Weye unabeba ya bure mpaka ku Chine?"

Tukaletewa injera, mkate wao mwembamba kama kitambaa, na mchuzi wa dengu, pole ya kucheleweshwa. Mama Béa akaishika injera kwa vidole viwili, akaivuta, akaiinua kwenye mwanga wa taa, vile anavyopima vitambaa vyake. "Hii si cent pour cent coton," akasema, yaani si pamba tupu, akairudisha. Nikala yangu na yake. Nikamweleza habari za kombe na za Hidaya, ila mshale nikauruka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Donc, huyu rafiki, unamupenda?"

"Tumesoma pamoja tangu mwaka wa kwanza."

"Sikuuliza vile," akasema Mama Béa.

Nikajifanya nasikiliza tangazo.

Baiyun: mzee wa forodha

Tulitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, mchana. Uwanja ulikuwa mpya, unang'aa, na kila ukuta una matangazo ya Olimpiki iliyokuwa inakuja Beijing. Wenzangu walipita. Mimi kijana wa forodha akanisimamisha, akafungua begi, akafungua kanga, akaona jiwe, akaniona mimi, akaenda kumwita mkubwa wake.

Akaja mzee mwenye miwani shingoni. Nilidhani atanifokea. Kumbe wale watu wanapenda mawe kuliko sisi tunavyopenda maua. Wanayasimamisha sebuleni wanayatazama. Akapitisha kiganja taratibu juu ya jiwe, akalinyanyua, akaligeuza, akalisimamisha mezani miguu juu kichwa chini, mshale ukaelekea sakafuni. Akarudi nyuma hatua mbili. "Hao," akasema, yaani zuri.

Nikaligeuza lilivyotakiwa, mshale juu. Akaligeuza tena. Nikaligeuza. Akatikisa kichwa kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, akaligeuza mara ya tatu, akaniwekea mkono juu yake nisiliguse.

Mama Béa alikuwa amenisubiri, na Kichina cha sokoni anacho. "Anasema unaliweka vibaya."

"Amejuaje?"

"Anasema inakaa vizuri hivi. Njo vile tu."

Wakacheka wote, mzee akanigongea muhuri. Mimi sikucheka. Nililifunga kwenye kanga, nikijiambia kwamba mzee wa forodha si mtaalamu wa kombe.

Huanshi Zhonglu: bakuli la kwanza

Tuligawana teksi na Mama Béa mpaka barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye yale majengo ya wafanyabiashara ambako unasikia Kilingala ghorofa ya kwanza na Kisomali ghorofa ya pili. Hidaya alikuwa amesimama mbele ya mgahawa. Alikuwa na koti jeusi lililomkaa. Lilimkaa, jamani, kama alizaliwa nalo! Nywele kazisuka, miwani mipya, na anabishana na mwenye mgahawa, anamwita laobani, bosi, kwa Kichina kinachotiririka, na laobani anacheka mpaka anajifuta macho. Mimi miaka miwili hiyo nilikuwa nimejifunza nini? Roho iliniuma pale pale barabarani, hata mizigo sijashusha.

"Shoga yangu! Umenenepa!"

"Na wewe umekonda," nikasema, na nilisema kwa ubaya.

Mama Béa akatuangalia mmoja mmoja, akanibusu mashavu yote mawili, akaenda zake kwa wauza vitambaa.

Mlangoni mwa mgahawa kulikuwa na mabeseni ya kombe hai, wanatoa ndimi na kurusha maji. Hidaya alichagua wa kwetu mwenyewe, mmoja mmoja. Tulipokaa wakaleta birika la chai ya moto na vibakuli. Akanimiminia chai kwenye kibakuli, nami kwa kiu ya safari nikainywa yote. Meza ya jirani ikageuka kunitazama. Kumbe chai ya kwanza Guangzhou si ya kunywa, ni ya kusuuzia vyombo! Hidaya aliangua kicheko, na laobani akaja kuniona kwa macho yake.

Kombe wakaja na tangawizi, pilipili na maharage meusi. Sitasema uongo, walikuwa watamu. Hidaya alikula kwa vijiti, mimi kwa vidole. Katikati akaweka vijiti chini.

"Rukia, huna la kuniambia?"

"La kukuambia?"

"Lolote."

Nilikuwa nimeshika ganda tupu. Ningeweza kusema. Nikalitazama lile koti, na ile miwani. "Ndege ilichelewa," nikasema. Akavishika vijiti vyake tena.

Kangle: kombe kwenye kioo

Nilitegemea kukuta jumba. Hidaya alikuwa amepanga chumba Kangle, ng'ambo ya mto, mtaa wa mafundi cherehani karibu na soko la vitambaa na chuo chake. Teksi haiingii. Tuliburuta begi katikati ya mikokoteni ya majora ya nguo, kila mtu anapiga kelele tupishe, na nyumba zimebanana mpaka mtu wa huku anaweza kumpa chumvi wa kule dirishani. Chumba chake ni kitanda, meza na rafu. Chini yake cherehani zinalia kuanzia alfajiri.

Nakiri wivu ulipungua. Nilipumua. Nikawaza, aa, kumbe maisha yenyewe ndiyo haya!

Halafu nikaona kilichokuwa mezani. Sanduku la kioo, limejaa mchanga na maji ya chumvi. Mchanga umepangwa kwa tabaka, mweupe, mwekundu, mweupe, mwekundu.

"Mwekundu ni tofali nililotwanga," akasema Hidaya. "Kombe nanunua sokoni. Kila asubuhi nawamwagia kikombe kimoja."

Asubuhi yake, siku ya utetezi, akachukua kikombe cha plastiki, akamwaga taratibu. Tukasubiri tukinywa chai, safari hii ya kunywa. Baada ya muda mchanga ukatikisika kidogo. Kombe mmoja aliyekuwa ameegemea kioo akaanza kupanda, anasukuma, anapumzika, anasukuma. Na chini yake, kila alipotoka, mchanga mwekundu ulikuwa umebonyea mstari uliopinda, mmoja juu ya mwingine. Visahani.

"Unaviona?" akauliza.

"Naviona."

"Vimekaa au vimefunikwa?"

"Vimekaa." Vilikuwa vimekaa kama sahani inayosubiri wali.

Akageukia kitandani. Jiwe langu lilikuwa kitandani juu ya kanga, mshale mwekundu umeelekea dari, na kwenye jiwe visahani vyote vilikuwa vimefunikwa. Vyote, hakuna hata kimoja kilichokaa. Mtoto angeona kwamba jiwe limepinduliwa. Mzee wa forodha aliona! Na mimi niliyekuwa nalo kabatini miaka miwili sikuwahi hata siku moja kulitoa nikalitazama. Nilikuwa natazama picha za Hidaya.

"Rukia," akasema, sasa polepole. "Huna la kuniambia?"

Nilijua kwamba anajua. Mwenye akili timamu angesema hapo. Lakini wivu haukuniruhusu, maana nilikuwa nafikiri: hata hili amelijua peke yake, na kombe wa sokoni na kikombe cha plastiki. Nikasema twende chuoni tusichelewe.

Ukumbini

Chuoni, maprofesa watano kwenye meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya chai. Nilikaa mstari wa mbele na kitenge changu kama nilivyopanga. Nyuma yangu alikaa Jabiri, Mtanzania mwenzetu anayesoma uhandisi, ambaye alikuwa ananitafsiria sikioni, na ambaye, naona, ndiye aliyewaletea ninyi habari.

Hidaya aliunganisha nusu mbili za jiwe. Zikaumana vizuri, njia za kombe zikapita kutoka nusu moja kwenda nyingine. Kisha akaligeuza lote, visahani vikakaa, na mshale wangu ukaelekea sakafuni mbele ya watu wote. Akaeleza kwamba kombe hawa walikuwa wanapanda. Bahari iliwamwagia mchanga, tena na tena, wakapanda. Akaonyesha picha za sanduku la kioo.

Profesa wake, mzee mwembamba, akanyoosha kidole. Jabiri akaninong'oneza: "Anasema mshale uko kinyume. Anauliza nani aliuchora."

Hidaya akanitazama. Hakunikodolea, alinitazama tu, kama mtu anayeshikilia mlango apite mwenzake. Nikainamisha macho nikaangalia viatu vyangu. Nilivihesabia hata vishimo vya kamba.

"Mimi," akasema Hidaya. "Nilikosea nikiwa porini."

Mzee akamsema. Alimsema sana, Jabiri hata akaacha kutafsiri. Mwishowe wakampitisha, ila kwa sharti: kosa la mshale aliandike ukurasa wa kwanza wa tasnifu, kwa jina lake, ili yeyote atakayelisoma jiwe lile ajue nani wa kutomwamini. Hidaya aliinamisha kichwa akashukuru.

Nilikuja kumwona anaanguka, nikamwona. Sikuonja utamu wowote.

Kurudi

Nusu yangu ni mali ya idara, ilibidi irudi. Kwenye basi la Baiyun tulikaa pamoja, begi katikati ya miguu. Tulipita madaraja mangapi sijui, mpaka nikashindwa kujizuia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kufuga kombe. Nilikuwa nimeshaandika mwaka mzima kwamba wanashuka. Niliutupa wote."

"Mwaka mzima?"

"Mzima, Rukia."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Akanigeukia. "Nilikuuliza. Mezani nilikuuliza, chumbani nilikuuliza. Unadhani nilikuitia jiwe? Jiwe ningeletewa na mtu yeyote."

"Na mbele ya profesa?"

"Siwezi kukuvua nguo mbele ya wageni. Lakini usidhani nimekusamehe." Akatazama nje. Baadaye kidogo akasema, kama aliyekumbuka kitu cha kukera, "Halafu asubuhi ile kwenye korongo mimi nilishalipita jiwe lile mara mbili. Sikuliona. Ungetulia tu uchore mshale wako, lilikuwa lako."

Nililia, siwafichi, na mama mmoja wa Kichina akanipa karatasi ya kujifutia.

Uwanjani, kabla ya kukabidhi mizigo, Hidaya akaniambia nifungue begi. Tukapiga magoti sakafuni, watu wanatukwepa na matoroli yao. Akanipa kalamu ya kijani.

"Chora. Safari hii ukiwa unajua."

Nikalisimamisha jiwe visahani vikikaa, nikachora mshale wa kijani kwenda juu. Kisha nikatia mate kidoleni nifute ule mwekundu. Akanishika mkono.

"Huo uache."

Basi, ndiyo hiyo safari. Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu. Aliniuliza swali lile lile la Kilwa, na nikajibu, "Hapana, Mwalimu. Sikuchora." Akaniambia watoto wa mwaka wa kwanza atawafundisha mwenyewe kwa sasa. Profesa wa Guangzhou nimemwandikia, ukurasa ule ubadilishwe jina. Hajajibu. Hidaya ameandika kwamba wamemwongezea nafasi asome udaktari, na roho imeniuma siku nzima, kwa hiyo msidhani nimepona.

Jiwe liko kwenye meza ya maabara, na mishale yake miwili. Mnaomcheka Hidaya, njooni mlitazame. Jiwe lile nililiona mimi. Nasema tena, mimi. Na mshale mwekundu niliuchora mimi.